BOMA LA VIFARANGA NDANI YA NYUMBA

Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, wakulima wa skimu walio pande za Soy na Lugari hufika ofisini na shida ileile. Mtu amenunua vifaranga 100 wa siku moja, jioni walikuwa wazima wote, na asubuhi ya pili amekuta wengi wamekufa. Huuliza ni ugonjwa gani. Mara nyingi si ugonjwa. Ni baridi, na wakati mwingine ni pembe za sanduku.

Eldoret, ambayo wazee wetu wangali wakiiita Sisibo, iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Kuku mwenye watoto hana shida na baridi yetu, kwa kuwa hubeba jiko lake chini ya mbawa. Lakini kifaranga wa kununuliwa hana mama. Amefunikwa na malaika tu, manyoya bado, na mwili wake hauwezi kujipasha joto. Hapana budi wewe uwe mama yake kwa wiki 4 au zaidi.

Sisemi haya kwa kuwa nimeyasoma chuoni tu. Julai mwaka mmoja nilitia vifaranga 50 katika kasha la mbao lenye pembe nne, nikafunika kwa gunia, nikaenda kulala. Usiku taa ilizimika. Vifaranga walikimbilia pembe moja wakalaliana, na asubuhi nilikuta 17 wamekufa, wale wa chini wamebanwa kama chapati. Mke wangu hakusema neno. Alichukua jembe akaenda kuchimba shimo.

Basi jambo la kwanza: boma liwe duara. Kwa vifaranga 100 tafuta hadibodi au kadibodi ngumu yenye urefu wa mita 5 na kimo cha nusu mita. Ikunje iwe mviringo wenye upana wa mita moja na nusu, ncha zipishane kidogo, ufunge kwa kamba. Usizipigilie misumari, kwa maana baada ya siku 4 au 5 utahitaji kuongeza kipande na kupanua boma. Mabati ya zamani yanafaa pia, ila kunja kingo zake zisikate.

Chini tandaza maranda makavu, kina cha vidole 4 hivi. Eldoret viwanda vya mbao si haba, maranda utapata. Usichukue vumbi la msumeno, maana vifaranga hulila wakidhani ni chakula. Siku 3 za kwanza tandika magunia safi juu ya maranda. Gazeti laini halifai peke yake: huteleza, na miguu ya kifaranga hutanuka asiweze kusimama tena.

Sasa moto. Mwenye umeme aning'inize taa ya joto ya wati 250 katikati, kama nusu mita juu ya maranda, aifunge kwa mnyororo wala si kwa waya wa umeme wenyewe, maana ikianguka juu ya maranda nyumba itaungua. Hata hivyo aweke jiko la makaa tayari, kwani umeme wetu hukatika bila kuaga. Mwenye jiko alizungushie matofali ili vifaranga wasiliguse. Anza kupasha boma saa 6 kabla vifaranga hawajafika, maranda yenyewe yawe na joto.

Hapa nisikilize vizuri. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na kwa hiyo watu hudhani hayana madhara. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kuku na watu pia. Wako wanaoweka boma katika chumba wanacholala watoto, wakaziba dirisha kwa matambara ili joto lisitoke. Usifanye hivyo kamwe. Asilale mtu yeyote katika chumba chenye jiko, na huko juu karibu na dari acha nafasi mbili wazi, kila moja ukuta wake. Upepo wa chini ndio wa kuziba.

Kipimajoto kikiwekwa usawa wa mgongo wa kifaranga kionyeshe digrii 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze kama digrii 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Tazama vifaranga wenyewe. Wakirundikana karibu na moto wakilia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mbawa zimelegea, moto umezidi. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Mpigie goti, utausikia kwa shavu lako. Wakitawanyika, hawa wanakula, hawa wanalala, umefaulu. Mimi huenda kuwatazama saa 4 usiku na tena saa 9, maana saa 9 ndiyo saa ya hasara.

Wakifika, wape maji ya vuguvugu kwanza, chakula baadaye kidogo. Tia vijiwe safi katika chombo cha maji wasizame. Chakula cha siku za kwanza kimwage juu ya trei za mayai. Kabla ya kulala, papasa vifuko vya shingo vya vifaranga kadhaa: kikiwa kimejaa na laini, kifaranga amekula na kunywa. Funika boma kwa wavu wa waya kwa ajili ya panya na paka. Habari za chanjo ya kideri na gumboro muulize daktari wa mifugo mapema, kabla hujanunua.

Baadhi ya skimu zetu zilitoka katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, na leo wajukuu wamegawana kile walichogawana baba zao. Ng'ombe wa tatu hana pa kulishia, lakini duara la mita moja na nusu halikosekani katika nyumba yoyote.

Manyoya yakishaota mgongoni na kifuani, anza kuwazoeza baridi. Zima moto mchana tu kwa siku 3 au 4, uone wanavyokaa, ndipo uzime usiku. Mvua ikinyesha siku hiyo, washa tena.