MWANAFUNZI WA UUGUZI

Muheza ni mji mdogo, yapata kilometa 35 kutoka Tanga. Hapo pana hospitali iitwayo Teule, ambayo asili yake ni kazi ya wamisionari wa Magila, waliofika nchi hiyo katika karne ya 19. Nchi ile ina mvua, mashamba na mbu. Na tangu kale homa ya malaria imewaua watoto wengi. Kwa hiyo kazi ya mwuguzi huko si ndogo.

Wako watu wadhanio ya kuwa kuuguza ni huruma tu. Huruma yahitajiwa sana, lakini huruma pasipo maarifa ni taa isiyo na mafuta. Mwanafunzi wa uuguzi, mwanamke au mwanamume, husoma miaka 3 ili apate stashahada. Kwanza hufundishwa mambo yaonekanayo kuwa madogo: kunawa mikono, kutandika kitanda cha mgonjwa asiyeweza kuinuka, kupima joto la mwili, kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi. Kisha husoma habari za viungo vya mwili, magonjwa na dawa. Siku nyingine huwa darasani, siku nyingine huwa wodini, mwuguzi mkuu akimwangalia.

Mfano ni huu. Usiku mama mmoja aleta mtoto wake, naye mtoto amezimia kwa malaria kali. Mama amwambia mwanafunzi, "Mwanangu, mchome sindano upesi! Mwezi uliopita alikuwa na kilo 12."

Mwanafunzi ajibu kwa upole, "Vumilia kidogo, mama. Sharti nimpime sasa."

Mizani yaonyesha kilo 10, kwa maana ugonjwa umemkondesha mtoto. Dawa yenyewe huitwa artesuneti. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Basi 10 mara 3 ni miligramu 30. Chupa moja ina miligramu 60, nayo ikiisha kuchanganywa kwa kudungwa mshipani hupata mililita 6. Kwa hiyo mtoto huyu atapewa nusu yake, yaani mililita 3. Mwanafunzi aisoma hesabu yake kwa sauti, na mwuguzi mkuu aihakikisha kabla sindano haijaguswa.

Sindano ya kwanza yatolewa saa 2 usiku. Ya pili yapasa kutolewa baada ya saa 12, yaani saa 2 asubuhi, na ya tatu saa 2 usiku tena. Lakini asubuhi mwanafunzi atakuwa amemaliza zamu yake. Asipoandika, mwenziwe atajuaje? Basi aandika saa, uzito na kipimo, ndipo aende kulala. Kalamu nayo huponya.

Kazi ya namna hii imeufaa ulimwengu mzima. Toka mwaka 2005 hata 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa katika nchi 9 za Afrika, ili ijulikane ni dawa ipi iliyo bora, kwinini ya zamani au artesuneti. Hospitali ya Muheza ilikuwa mojawapo ya mahali pa kazi hiyo. Kati ya watoto 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297. Kati ya 2,712 waliopewa artesuneti walikufa 230. Baada ya hayo Shirika la Afya Duniani liliagiza artesuneti itumike kwa watoto pia. Hesabu hizo zisingaliaminiwa kama watu wodini hawakupima na kuandika kwa uaminifu.

Mwanafunzi amalizapo masomo na kushinda mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, huandikwa katika daftari la wauguzi na kupewa leseni. Lakini huo si mwisho wa njia. Akiisha kufanya kazi, aweza kurudi chuoni kutafuta shahada, ambayo ni masomo ya miaka 4, na mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Mbele yake iko shahada ya uzamili, kama ile ifundishwayo katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam. Wengine huchagua ukunga, wengine uuguzi wa watoto, wengine hugeuka kuwa walimu wa wauguzi.

Ngazi hupandwa daraja kwa daraja. Atakaye kuingia chuo cha uuguzi sharti kwanza afaulu biolojia, kemia na fizikia katika shule ya sekondari. Na msingi wa hayo yote ni hesabu za shule ya msingi. Mtoto aonaye uvivu kujifunza kuzidisha leo, na akumbuke yule mtoto wa kilo 10.

MASWALI
1. Kwa nini mwanafunzi alimpima mtoto uzito tena?
2. Mtoto wa kilo 14 atapewa miligramu ngapi za artesuneti?
3. Kama sindano ya kwanza ilitolewa saa 4 asubuhi, ya pili na ya tatu zitatolewa saa ngapi?
4. Eleza maana ya maneno haya: "Kalamu nayo huponya."