Polisi Wakija Kupekua Bila Kibali

Nyumba yako, hata ikiwa ni chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya kupanga, inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Kwa kawaida polisi huomba kibali kwa hakimu kwanza. Kibali hicho hutumika kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine.

Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inawaruhusu kuingia bila kibali ikiwa wana sababu za msingi za kuamini kwamba mtu anayetakiwa kukamatwa yumo ndani, au kwamba humo mna ushahidi utakaopotea wakingoja mahakama: bunduki itahamishwa, karatasi zitachomwa. Kutaka tu kuchungulia si sababu ya msingi.

Askari lazima ajitambulishe, aseme amefuata nini, na aombe kufunguliwa. Ukikataa au ukikawia, sheria inamruhusu kuvunja mlango. Kwa hiyo usimzuie kwa mwili wako. Fungua, lakini tamka wazi majirani wakisikia kwamba hukukubali upekuzi huo.

Linalofuata ndilo tungependa kila familia ilijue, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi. Mpelelezi anayetafuta kitu bila kibali anatakiwa kuandika kwanza kitu hicho ni kipi na kwa nini anaamini kimo humo. Muulize kwa heshima ameandika wapi, na umwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Wakichukua chochote, wakiorodheshe papo hapo, kisha kifikishwe kwa hakimu bila kuchelewa. Simu au pesa zilizobebwa bila kuandikwa popote zimechukuliwa kinyume cha sheria. Mwanamke akipekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Wakishaondoka, usianze kupanga nyumba. Piga picha kwanza za kilichovunjwa, kisha andika saa, namba za magari, namba za askari na vitu vilivyobebwa. Ripoti kituoni na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Malalamiko yapelekwe pia kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Huhitaji wakili kuyawasilisha.

Ukishtakiwa, mweleze wakili namna upekuzi ulivyofanywa. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaitaka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako, ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki.