Somo: Levissi na Makri, Kijiji na Mji Wake

Leo tunatazama habari za kijiji cha Levissi na mji wa Makri, kusini-magharibi mwa Uturuki, kwenye Bahari ya Mediterania.

Makri ulikuwa mji wa bandari. Levissi kilikuwa mlimani, kama kilomita 8 kutoka mjini. Wakazi wake wengi walikuwa Wagiriki Waortodoksi. Majirani zao Waislamu walilima bondeni.

Wagiriki walianza kufukuzwa huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kisha Januari 1923, huko Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilipatana: Waortodoksi wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waje Uturuki. Kilichoangaliwa ni dini, si lugha. Wako Wakristo waliojua Kituruki tu, nao wakaambiwa kwamba Ugiriki ndiko kwao! Kwa jumla watu zaidi ya 1,000,000 walihama.

Levissi kilibaki karibu kitupu. Tetemeko la ardhi la mwaka 1957 likazidi kukibomoa. Siku hizi kinaitwa Kayaköy, na watalii hutembea kati ya nyumba zisizo na paa. Makri sasa ni Fethiye.

Wakimbizi wa sehemu zote mbili walijenga makao karibu na Athens, wakayaita Nea Makri, yaani Makri Mpya. Tuliuliza katika kipindi chetu: mbona watu wa Levissi walikubali jina la mji? Mzee mmoja akajibu, "Hata sisi hapa tukiulizwa kwetu ni wapi, tunasema Uvira. Kijiji nani atakijua?"