Homa ya Ini B: Ipimwe Nyumba Nzima

Mtu akipatikana na virusi vya homa ya ini aina ya B, familia nyingi humtengea sahani na kikombe. Huko ni kumuumiza bure. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula pamoja, kusalimiana wala kutumia choo kimoja. Wakazi wa ploti za Kayole, Dandora na Kariobangi, wanaochangia bomba na bafu, walishike hilo barabara.

Kinachopaswa kutengwa ni wembe. Virusi hupitia damu na majimaji ya kujamiiana, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Nje ya mwili huweza kukaa siku 7 vikiwa na nguvu ya kuambukiza, kwa hiyo wembe uliotumika Jumapili bado ni hatari Ijumaa. Kila mtu awe na wembe wake, mswaki wake na kikata kucha chake. Vidonda vya watoto vifunikwe. Kwa kinyozi, ulizia mashine husafishwa vipi kabla ya kukaa kitini.

Njia moja kubwa ni mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takriban 90 hubaki na virusi maishani. Kwa watu wazima hawafiki 5. Virusi huweza kukaa kimya miaka 20, hata 30, kisha ini likanyauka au likapata saratani. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja huweza kufariki mmoja baada ya mwingine, tumbo limejaa maji, na jamaa wakasema wamerogwa. Hawakurogwa. Waliambukizwa utotoni, na hakuna aliyepimwa.

Mama mjamzito, omba kipimo cha homa ya ini B kliniki. Ukiwa na virusi, waambie wakunga mapema, iwe hospitali ya Pumwani, ya Mama Lucy Kibaki au kwingineko, ili mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Chanjo ya pentavalenti, ambayo pia hukinga homa ya ini B, iendelee kama kawaida wiki ya 6, 10 na 14. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Kenya ilianza kuchanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga, na ndiye mzazi wa leo. Mtu mzima huchanjwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Taiwan ilianza kuchanja watoto mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wake ikapungua sana.

Si kila mwenye virusi huhitaji dawa. Daktari ndiye huamua. Wengi hupewa tenofovir, ambayo pia hutumiwa kutibu VVU. Jirani akiona kopo, maneno huanza, na wapo wanaoacha dawa kwa aibu. Kuiacha ghafla kunaweza kuliharibu ini vibaya. Wala usiazime dawa za mwingine.

Ukipatikana na virusi, nenda kliniki na mwenzi wako, watoto na ndugu zako. Asiye navyo na asiye na kinga achanjwe. Na kama kwenu kuna aliyefariki kwa saratani ya ini, msingoje macho yawe ya manjano. Nendeni mkapimwe wiki hii.