Nyumbu Anakula Mzigo Wake: Hesabu ya Safari ya Sherman Kwenda Baharini

Chukua kalamu na karatasi, maana somo la leo ni la kujumlisha na kugawanya. Mpe mpagazi mmoja unga kilo 25. Kila siku anakula kilo 1. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, mzigo karibu wote umeishia tumboni mwake, na kule alikotumwa amefikisha kilo 1 tu. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao kikosi chao cha Carrier Corps ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo, waliijua hesabu hii kwa miguu na mabega yao.

Kanuni yenyewe ni fupi: kinachobeba chakula nacho hula. Tukiishika kanuni hiyo, tutaielewa safari iliyofanyika Marekani mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaelekea mwisho. Jenerali William Tecumseh Sherman wa jeshi la Muungano, lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alitoka Atlanta katikati ya Novemba na askari wapatao 62,000, akalipasua jimbo la Georgia kwa kilomita 450 hivi, na tarehe 21 Desemba jeshi lake likauchukua mji wa Savannah, pwani ya Atlantiki. Nyuma yake yalibaki maghala matupu, mashine za pamba zilizochomwa na reli zilizosokotwa kama kamba.

Tuanze na reli. Kabla ya safari hiyo, jeshi la Sherman, wakati huo watu 100,000 na wanyama 35,000, lililishwa kwa njia moja tu ya reli iliyotoka Louisville hadi Atlanta, kilomita 760 hivi. Kila siku yalipelekwa mabehewa 160, kila behewa tani 10. Jumla ni tani 1,600 kwa siku.

Sasa iondoe reli, uweke magari ya kukokotwa na nyumbu. Simsemi nyumbu wa Serengeti. Namsema yule aliyezaliwa na punda na farasi, ambaye watu wa pwani humwita baghala. Gari moja la nyumbu 6 hubeba tani 2 na kwenda kilomita 32 kwa siku. Tani 1,600 zinahitaji magari 800 yaondoke kila asubuhi. Kila gari litachukua siku 23 hivi kwenda na 23 kurudi, jumla siku 46. Zidisha 800 kwa 46, unapata magari 36,800. Sherman mwenyewe alipoandika kumbukumbu zake alitoa idadi hiyo hiyo, akasema jambo hilo haliwezekani kabisa.

Lakini tusiishie kwenye idadi ya magari. Posho ya nyumbu wa jeshi, nafaka na nyasi kavu, ilikuwa kilo 10 na ushei kwa siku. Nyumbu 6 wanakula zaidi ya kilo 60. Kwa siku 46 hizo ni zaidi ya kilo 2,700, na gari lenyewe limebeba tani 2 tu za Kimarekani, yaani kilo 1,800 hivi! Nyumbu wangemaliza mzigo wote kabla ya kurudi, na bado wangedai. Hata ungekuwa na nyumbu wa dunia nzima, usingelilisha jeshi la Atlanta kwa njia hiyo. Yule mpagazi wetu na nyumbu hawa ni hesabu moja.

Sasa reli ile ndefu ilikuwa ikishambuliwa mara kwa mara, na kuilinda kulikula askari wengi. Sherman akaamua kuiacha. Aliondoka na magari 2,500 hivi, mkate wa siku 20, ng'ombe wa kuchinja waliotembea kwa miguu yao wenyewe, na chakula cha wanyama cha siku chache tu. Hapo ndipo penye fumbo. Magari 2,500 yana nyumbu 15,000, wanaokula zaidi ya tani 150 kwa siku. Askari 62,000, kila mmoja kwa posho ya kilo 1.3 hivi, wanakula tani 80 na ushei. Kumbe nyumbu peke yao walikula karibu mara mbili ya askari, na hapo hatujawahesabu farasi wa wapanda farasi na wa mizinga. Basi jeshi lile lilihitaji si chini ya tani 230 kila siku. Zingetoka wapi?

Zingetoka mashambani. Sherman alikuwa ameziangalia takwimu za sensa ya mwaka 1860, akajua kila wilaya ya Georgia ina mazao na mifugo kiasi gani. Tena Novemba mavuno yalikuwa yameshaingia: mahindi ghalani, viazi vitamu, nguruwe walionona. Jeshi likagawanywa katika njia nne zinazokwenda sambamba. Sababu ni rahisi. Magari 2,500 yakipangwa kwenye barabara moja huchukua kilomita 30 hivi, ilhali mwendo wa siku ulikuwa kilomita 24. Gari la mwisho lisingetoka kambini siku hiyo.

Tuseme jeshi limetanda kilomita 60 kwa upana. Kwa siku moja linapita kilomita za mraba 1,440. Gawa tani 230 kwa eneo hilo, unapata kilo 160 kwa kilomita moja ya mraba, yaani hazifiki magunia 2 ya kilo 90. Nchi yenye mashamba inaweza kutoa kiasi hicho, mradi jeshi lisisimame. Nzige huishi vivyo hivyo: leo hapa, kesho mbele. Jeshi hilo likikaa siku 10 mahali pamoja, ardhi ile ile itadaiwa mara 10. Ndivyo ilivyotokea nje ya Savannah. Walipozuiwa na ngome za mji, wamezungukwa na vinamasi, chakula kilichobaki kilikuwa mpunga tu, mpaka walipoiteka ngome ya Fort McAllister tarehe 13 Desemba na kuzifungulia njia meli zao za chakula.

Sasa tuisogelee ile reli iliyosokotwa. Chuma kikiwa baridi, chembe zake zimejipanga safu kwa safu na kushikana. Ukikipasha moto hadi kiwe chekundu, kiasi cha nyuzi 700, chembe zinatikisika kwa nguvu, safu zinateleza, na chuma kilichobeba garimoshi kinapindika kwa mikono ya watu. Lakini watashika wapi bila kuungua? Joto husafiri polepole ndani ya chuma. Katikati panawaka, ncha bado zinashikika. Askari waling'oa mataruma, yaani mbao zilizo chini ya reli, wakayapanga kama kuni, wakalaza reli juu na kuwasha. Kisha waliibeba kwa ncha zake na kuizungusha kwenye shina la mti. Tazama jinsi njia ile ilivyojibebea kuni za kuiangamiza. Kupasha mita 2 za reli kunahitaji nishati iliyomo katika kilo moja na nusu ya mbao kavu. Hata moto ukipoteza sehemu kubwa ya joto hewani, taruma moja linabaki na nishati ya ziada.

Tena kuna kupinda na kuna kusokota. Reli iliyopinda tu hupashwa moto ikanyooshwa. Iliyosokotwa kama kamba ni lazima irudishwe kiwandani, ikapitishwe upya kwenye mashine za kukandamiza chuma, na viwanda vya namna hiyo vilikuwa vichache mno Kusini. Ndiyo maana Sherman aliagiza reli zisokotwe. Na sisi tulioanza na reli tunajua maana yake: bila reli, chakula cha Georgia hakiwezi kuwafikia askari wa Kusini waliokuwa Virginia. Nyumbu atakila njiani.

Hesabu hizi zinaeleza mengi, ila hazielezi yote, na hapo ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Sherman alikadiria hasara aliyoitia Georgia kuwa dola milioni 100. Kati ya hizo, alisema, milioni 20 hivi ndizo zilizolifaa jeshi lake. Nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, zilikuwa uharibifu mtupu. Basi njaa ya nyumbu na ya askari inaeleza sehemu moja kati ya tano. Nne zilizobaki ziliamuliwa na watu, ili raia wa Kusini waonje vita na kuvichoka.

Wapo pia watu ambao hesabu iliwaona kuwa midomo tu. Maelfu ya watumwa walitoka mashambani wakalifuata jeshi, wakiona uhuru umefika. Tarehe 9 Desemba, kwenye kijito cha Ebenezer, Jenerali Jefferson C. Davis wa jeshi hilo hilo la Muungano aliwavusha askari wake juu ya daraja la kuelea, kisha akaamuru liondolewe, akiwaacha watu hao ng'ambo huku wapanda farasi wa Kusini wakikaribia. Wengi walijitosa katika maji ya baridi. Wapo waliozama.

Ukisoma habari za vita vyovyote, piga hesabu ya chakula kwanza. Itakuonyesha kile ambacho jeshi lililazimika kuchukua ili lisife njaa. Kinachozidi hapo hakikufanywa na njaa. Kilifanywa na watu walioamua, nao ndio wanaopaswa kuulizwa.