MISA YA WAFU: MANENO YALE YALE, SAUTI MBALIMBALI

Wamonaki Watrapisti walianza utume wao Gare, katika milima ya Usambara karibu na Lushoto, mwaka 1897. Waliwaombea wafu kwa Misa ya Kilatini, kama lilivyofanya Kanisa la Roma po pote. Misa hiyo iliitwa kwa neno lake la kwanza, Requiem, maana yake pumziko. Maneno yalikuwa yale yale Gare na Roma. Lakini watungaji wa muziki wameyavika sauti mbalimbali. Tuwatazame watatu, kwani wana somo kwa kwaya zetu.

Wa kwanza ni Mozart wa Austria. Alifariki tarehe 5 Desemba 1791 kabla ya kuimaliza Requiem yake, na Süssmayr akaikamilisha. Humo hofu na tumaini vyafuatana: sauti za wanaume zangurumia adhabu ya waliolaaniwa, kisha sauti za wanawake zaomba kwa upole kuitwa pamoja na wabarikiwa.

Wa pili ni Verdi wa Italia. Alitunga yake kumkumbuka mwandishi Manzoni, ikaimbwa kanisani San Marco, Milano, tarehe 22 Mei 1874. Siku ya hukumu yatangazwa kwa kishindo cha ngoma kubwa na tarumbeta. Siku tatu baadaye iliimbwa katika jumba la michezo la La Scala. Ni kazi kuu kweli. Lakini yahitaji waimbaji na wapigaji wengi, na waamini hubaki kusikiliza tu.

Wa tatu ni Fauré wa Ufaransa. Requiem yake iliimbwa kwanza mwaka 1888 katika Misa ya mazishi, kanisani La Madeleine, Paris, kwa vyombo vichache. Utenzi mrefu wa siku ya ghadhabu aliuacha, akabakiza ombi lake la mwisho tu, kwamba Yesu mwema awape wafu pumziko. Tena akaongeza wimbo wa kumsindikiza marehemu peponi.

Je, hukumu isitajwe? La, hasha! Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka mazishi yaonyeshe wazi zaidi Pasaka ya Bwana. Katika Misale ya mwaka 1970 utenzi ule haukuwekwa tena katika Misa ya wafu. Hati hiyo hiyo iliagiza muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe. Na mwaka huo huo wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Basi, kwaya ya Lushoto, Soni au penginepo ichaguapo nyimbo za mazishi, ijiulize mambo matatu. Je, wimbo huu wamwombea marehemu, au wamsifu tu? Je, maneno yasikika, au kinanda na vipaza sauti vyayameza? Je, mjane na yatima waweza kuitikia?

Wimbo usiotimiza hayo, hata ukiwa mtamu namna gani, ungoje siku nyingine. Marehemu hana haja tena ya uzuri wa sauti zetu. Ana haja ya sala zetu.