Bakteria wa Udongoni na Ukali wa Chumvi

Wasomaji wetu wakaao Usangu, mkoani Mbeya, na Pawaga, mkoani Iringa, wayajua mabaka meupe yatokeayo kiangazi katika baadhi ya mashamba ya mifereji. Maji ya mto huja na chumvi kidogo isiyoonekana kwa macho. Jua huyakausha maji, chumvi hubaki. Mwaka hata mwaka huzidi, mpunga ukawa wa manjano, na mahali pengine usimee kabisa. Watu huutazama mpunga tu. Lakini udongoni wamo viumbe wengine wapatao taabu ile ile, nao ni bakteria, wadogo hata hawaonekani bila hadubini. Hao ndio waozeshao majani na samadi yakawa chakula cha mimea. Wakidhoofika, samadi hukawia kuleta faida.

Jinsi chumvi iwadhuruvyo, mwalimu aweza kuonyesha darasani kwa kitunguu. Akikate, anyunyize chumvi, angoje kidogo: maji yatatoka na vipande vitalegea. Chumvi imeyavuta maji yaliyokuwa ndani. Ndivyo ifanyavyo kwa bakteria, na ndiyo sababu samaki aliyetiwa chumvi haozi upesi.

Basi bakteria, asiyeweza kulihama shamba, hufanya nini? Kwanza huingiza potasiamu kwa haraka, ili ndani nako kuwe na nguvu ya kuyashika maji. Lakini potasiamu ikizidi huzuia kazi za mwili wake. Kwa hiyo baadaye huipunguza, na mahali pake huweka vitu vipole vishikavyo maji bila kudhuru. Kimoja ni prolini. Kingine, tena bora sana, ni betaini, iliyotambuliwa kwanza katika karne ya 19 ndani ya maji ya kiazi kitengenezwacho sukari huko Ulaya.

Hapa ndipo penye ajabu. Kutengeneza vitu hivyo humgharimu bakteria nguvu nyingi. Kuviokota vilivyo tayari humgharimu kidogo. Wataalamu wa Marburg, Ujerumani, katika miaka ya 1990 walimchunguza bakteria mmoja wa udongoni aitwaye Bacillus subtilis, wakaona ana milango mitano ya kuingizia vitu hivyo. Prolini aweza kujitengenezea mwenyewe. Betaini hawezi, ila aipate nje, au apate kolini aigeuze. Na mvua ikinyesha ghafula, hatari hugeuka: maji humwingia kwa nguvu, naye hana budi kufungua njia nyingine na kuitupa akiba yake upesi, asije akapasuka. Itupwayo na mmoja yaweza kuokotwa na jirani.

Mtu atauliza, betaini ya udongoni yatoka wapi? Yatoka kwa mimea, katika mizizi yake na katika majani yake yaozapo. Mchicha na jamaa zake huwa nayo kwa wingi, ngano pia. Lakini mpunga hauna desturi ya kujiwekea. Kwa hiyo shamba lipandwalo mpunga peke yake, na magugu yake yote yakachomwa moto kila msimu, huwapa bakteria riziki haba ya namna hii. Sisi twaona ni heri michicha ya mwitu iotayo kandokando ya majaruba ing'olewe kabla haijazaa mbegu, ikafukiwe shambani pamoja na samadi, kuliko kuchomwa.

Walimaji wa maharage nao wasidhani habari hii haiwahusu. Bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi ya mikunde hudhurika kwa chumvi, na maharage yenyewe hayaistahimili. Mbegu iliyostawi vema mlimani yaweza kushindwa katika bonde la chumvi.

Lakini tusidanganyane. Bakteria hujikinga na chumvi, hawaiondoi. Kuiondoa kwahitaji maji mengi ya kuiosha na mfereji wa kuyatoa nje ya shamba, si wa kuyaingiza tu. Na palipo na mabaka meupe, yafaa afisa ugani aitwe udongo upimwe kabla ya kupanda.